Pilau Hakuketi

Jumamosi nilipuliza filimbi, na spanieli wote waliokuwa shambani wakaketi. Wote, isipokuwa wangu.

Wa bwana nyama wa shamba lile aliketi. Wa yule mama mwenye koti la kijani, ambaye ni mzee na masikio yamekwisha (mbwa, si mama), aliketi topeni akanigeukia akingoja amri ya pili. Hata mmoja aliyekuwa ng'ambo ya ua wa miti, ambaye hakuna aliyemjua ni wa nani, alikutwa baadaye ameketi vilevile, peke yake, mtiifu. Pilau wangu wakati huo alikuwa katikati ya viazisukari, masikio yakipepea, akielekea kwenye kona ambako watu kumi na tano wenye fimbo walikuwa wameshinda asubuhi nzima wakisogeza fezanti kwa subira ya mvuvi wa dema.

Kwa asiyeujua uwindaji wa huku Norfolk, Uingereza: fezanti ni ndege wa jamii ya kuku, mkia mrefu, akili fupi. Hukuzwa na kuachiwa porini kila mwaka, nchi nzima makumi ya mamilioni, kisha kati ya tarehe 1 Oktoba na tarehe 1 Februari hukurupushwa waruke wapigwe. Si Jumapili wala si Krismasi. Sheria ya Uingereza imewapa mapumziko ambayo mimi kazini kwangu sipewi. Wenye bunduki hujipanga mstari mmoja, kila mtu kwenye kigingi chake chenye nambari. Sisi wakurupushaji tunatokea upande wa pili, tunagongagonga vichaka, mbwa wakisaka hatua chache mbele yetu. Siri yote ni upole. Ndege watoke wawili, watatu, wapae juu, wawafikie wenye bunduki kwa zamu. Bunduki moja ina risasi mbili. Ndege wakitoka wote kwa pamoja, mkupuo umekwisha kabla mtu hajashusha mtutu kupakia tena.

Wakatoka wote kwa pamoja.

Mlio wa mabawa ulinifikia kifuani kabla ya masikioni. Anga likawa la kahawia. Na kwa kuwa Pilau aliingia ubavuni, hawakuwaendea wenye bunduki kabisa. Walirudi nyuma, juu ya vichwa vyetu, wakatua kwenye shamba la jirani, ambaye naye huwinda, siku za Jumatano. Mabwana waliolipia siku ile fedha ambazo mimi ningenunulia gari wakabaki wanavitazama vigingi vyao. Mmoja alifyatua risasi moja hewani, nadhani ili asirudi nyumbani bila kuisikia.

Halafu kimya. Pilau akarudi mwenyewe, hakuitwa, ulimi nje, akaketi mbele yangu barabara, mgongo umenyooka na macho yako juu. Mama mwenye koti la kijani akasema, bila kejeli hata chembe, "Anaketi vizuri sana."

Bwana nyama akaja. Mwingereza akikasirika kweli hupunguza sauti, na huyu ilibidi nimsogelee ndipo nimsikie. Alisema labda, kama sitajali, kwa muda uliobaki wa siku, au wa msimu, ningeonelea vyema kumfunga kamba. Akanishukuru.

Filimbi haina hatia. Ni ya Acme, imetengenezwa Birmingham, nambari 210½, na uzuri wake ni hiyo nambari: ukiipoteza unanunua nyingine yenye nambari ileile, mlio ni uleule, mbwa hajui kama umebadilisha. Mlio mmoja mrefu ni amri ya kuketi papo hapo, hata kama mguu uko hewani. Miwili mifupi, geuka. Mingi ya harakaharaka, rudi. Wenye spanieli wengi hutumia 210½ na wenye labrador wengi 211½, ndiyo maana labrador wa Jumamosi waliendelea na shughuli zao na aibu yangu ikabaki ndani ya kabila moja. Mafunzo huanzia kwenye bakuli la chakula: unaliinua, unapuliza, makalio yakigusa sakafu unalishusha. Kisha unaongeza umbali, kisha unaongeza vishawishi. Kwa bakuli, Pilau amehitimu. Huketi jikoni, huketi bustanini, na refa wa mpira akipuliza kipenga kwenye televisheni, huketi.

Ila lazima nimtetee, maana nimekesha nikisoma habari za pua yake, na kila nikizidi kusoma filimbi inazidi kuonekana kwangu kitu duni. Sisi tuna vipokeo vya harufu milioni tano au sita hivi. Yeye ana zaidi ya milioni mia mbili. Akisaka hunusa kama mara tano kwa sekunde. Hewa ikiingia hugawanyika: nyingi huenda mapafuni, kidogo huchepuka hadi kwenye chumba cha nyuma cha pua ambacho hakina kazi nyingine ila harufu. Pumzi inayotoka hupitia mipasuko ya pembeni mwa pua, isije ikaifukuza harufu anayoitafuta. Nani angefikiria hilo!

Kisha upepo. Harufu ya ndege aliyejilaza kichakani hubebwa na upepo ikitanuka, nyembamba kule kwa ndege, pana huku kwetu. Spanieli anapoukabili upepo hukata kushoto na kulia mbele ya miguu yako, ili kila akivuka aipasue harufu hiyo. Akiigusa tu hugeuka ghafla, mkia hubadili mwendo, na anaifuata inavyozidi kukusanyika mpaka penye ndege. Upepo ukitoka mgongoni mwako, mambo yanapinduka. Mbele yako hana cha kunusa, kwa hiyo inampasa aende mbali moja kwa moja, kisha asake akirudi. Anayetazama ataapa kwamba mbwa katoroka. Wakati mwingine kweli katoroka, na hakuna njia ya kujua mpaka arudi au asirudi. Jumamosi kulikuwa na upepo mwanana, ardhi mbichi, na ndege wa asubuhi nzima wamerundikwa kona moja. Pua ya milioni mia mbili imejaa pomoni, na mimi nyuma namkataza kwa kipande cha plastiki.

Hayo nilimwambia mwalimu wetu wa mafunzo, mama mmoja mkavu mwenye labrador watatu wanaotembea nyuma yake bila kamba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hakuna mbwa mbaya. Kuna uhusiano mbaya." Kwa maoni yake bega langu la kushoto lina wasiwasi, na mbwa analiona.

Mimi mambo ya mbwa wa kuwinda niliyasoma kwanza chuoni, chini ya ustadhi, katika Matn Abi Shujaa, kile kitabu kidogo cha fiqhi ya Kishafii ambacho watoto wa pwani hukipitia kabla hawajaota ndevu. Mlango wa kuwinda na kuchinja. Mnyama wa kuwindia amefunzika kwa masharti manne: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akiua asile chochote, na hayo yajirudie mpaka ijulikane ni tabia yake. Hata moja likikosekana, alichokamata si halali, isipokuwa kikikutwa hai kikachinjwa. Tulikariri bila kuuliza, kwa sababu mtaani kwetu mbwa pekee alikuwa wa mlinzi wa ghala, na yule hakuwa akitumwa na mtu.

Nimemtahini Pilau kwa kitabu. Sharti la kwanza analo kwa ziada, kwa kuwa huenda hata asipotumwa. La pili limeshashuhudiwa na Norfolk nzima. La tatu, hapa amewazidi wengi: hali, hatafuni, hajawahi kuvunja unyoya. Spanieli huchaguliwa kwa mdomo laini, aokote ndege na kumkabidhi mkononi asiwe na alama ya jino. La nne nalo analo, kwa sababu kila alichokosea amekirudia.

Lakini tazama insafu ya kile kitabu! Mtahiniwa ni mbwa. Katika masharti yote manne hakuna linalohusu bega la kushoto la mwenye mbwa.

Mama yangu, Tanga, bado hajaridhia. Nimemweleza kwamba mlangoni pa nyuma nina ndoo na kopo la udongo, na mikono ikipata mate naosha mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofunzwa (jirani zangu huku wanaamini napenda bustani). Mwezi uliopita nilimsimulia tulivyomtuma Pilau akaokote kigunia cha turubai cha kujifunzia, akapotea nyuma ya ua, akarudi na kuku wa watu, mzima, macho wazi, ameshikwa kwa adabu kiasi kwamba hata kulia hakulia. Mwalimu alipiga makofi kwa mdomo ule kabla hajagundua amebeba nini.

"Huyo kuku alikuwa hai?" mama akauliza.

"Hai, mama."

"Basi si mngemchinja."

"Kuku wa watu, mama."

Akafikiri kidogo. "Mbwa kamleta hai, kakuachia wewe kisu. Mwanangu, huyo mnyama unamsingizia."

Mengine kwa ufupi. Boma la sungura, ambamo mbwa hufunzwa kutokimbiza: alitoka nje kwa shimo la sungura. Somo la majini: bata maji alimkimbiza yeye. Siku ya mtihani wa darasa la awali: tusiizungumze.

Ninachoshindwa kukicheka ni karatasi yake ya ukoo. Vizazi vitano, na desturi ni kwamba majina ya walioshinda ubingwa wa uwandani huchapwa kwa wino mwekundu. Ya Pilau ilikuwa nyekundu juu mpaka chini. Aliyeniuzia aliipapasa kwa kidole akasema damu hii karibu inajifundisha yenyewe. Basi fuata hesabu. Springa, spanieli wa aina ya Pilau, alitambuliwa rasmi na Kennel Club mwaka 1902, na spanieli walikuwa wameanza kushindanishwa uwandani tangu 1899. Kwa zaidi ya karne watu wamekuwa wakichagua mwenye kasi kumzidi mwenye kasi, asiyechoka kumzidi asiyechoka, kwa ajili ya mashindano yanayoendeshwa na mikono ya watu wasio na kazi nyingine. Katika uzao mmoja huzaliwa watoto saba, wanane. Mmoja huenda kwa bingwa. Waliobaki huuzwa kwetu, watu wa zamu na basi la saa kumi na mbili, kwa karatasi ileile na bei ileile. Mbwa akifaulu, ni damu. Akiharibu, ni mimi.

Nilimpigia muuzaji simu. Aliniuliza namlisha nini. Aliniuliza kama kuna watoto nyumbani wanaomharibu. Kisha akasema, kwa upole, huenda ni lafudhi yangu, mbwa wa damu hii amezoea kusikia amri zikitamkwa sawasawa. Filimbi, bwana. Filimbi haina lafudhi.

Na ikifika Februari, bunduki zikishasafishwa, hutoka matangazo. Miaka miwili, damu nzuri, anahitaji mtu mwenye muda. Miaka mitatu, anauzwa bila kosa lake. Darasani kwetu kuna jike mmoja, mwenye nyumba wa sasa ni wa nne, na ukiinua mkono kukuna kichwa chako yeye hujilaza chini akakojoa. Aliyemzalisha, mwenye nyumba huyo anasema, ana watoto wengine wa mama yuleyule mwaka huu, na wameshalipiwa wote. Hakuna aliyemtahini yeye bega.

Pilau simuuzi. Si kwa sababu tumependana; sidhani kama ananifikiria sana, anafikiria fezanti. Simuuzi kwa sababu anayekuja atapewa karatasi ile nyekundu pamoja naye, na hadithi kwamba mtu wa kwanza alikuwa Mwafrika asiyejua mbwa.

Jana mwalimu alituma ratiba ya darasa jipya la uhusiano, wiki sita, kila Jumanne jioni. Ada ni ya mtu mmoja. Mbwa anaingia bure.