Kipaza cha Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kamati ya harusi kachoka kushika maiki. Anataka kipaza cha kichwani kama wahubiri wa kwenye televisheni. Basi kanunua hedifoni za kompyuta zenye kijiti cha mdomoni, akamkabidhi fundi mitambo: "Chomeka hapo, kijana."

"Sawa, mzee."

Pini yenyewe ya milimita 3.5, imezoea simu. Miksa ina matundu manene ya XLR. Kijana akaunga kwa adapta: kimya. Akabonyeza kitufe cha volti 48, maana hajazaliwa fundi wa kukiona kitufe hicho akakiacha. Vipaza vidogo vya namna ile huishi kwa volti chache tu. Kuvipa 48 ni kumnywesha mtoto mchanga supu ya pweza. Kikakoroma, kikanyamaza.

Kilichotakiwa ni kigeuzi cha kushusha umeme, kitu cha kuenea kiganjani, bei yake haifiki hata ghorofa ya chini ya keki. Kamati ikasema bajeti haina fungu hilo.

Hotuba ikatolewa kwa maiki ya mkononi, dakika arobaini, hedifoni zikiwa bado kichwani.