Mihuri Kwanza, Rangi Baadaye

Mtu mzima anayerudi kusomea sanaa Dar es Salaam huanzia kwenye kabati, kukitafuta cheti cha kidato cha nne chini ya kanga na nguo za Idd. Kikipatikana, huhesabiwa D. Astashahada hudai ufaulu wa masomo manne, na somo la dini halimo katika hesabu hiyo. Fundi mabango wa Tandika ambaye C yake pekee ni ya Elimu ya Dini ya Kiislamu hugundua hapo kwamba alama itakayomfaa ahera haimfai Bagamoyo.

Bagamoyo ndiko iliko TaSUBa, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa na kugeuzwa wakala wa serikali 2007. Hufundishwa huko muziki, ngoma, maigizo na sanaa za ufundi.

Baada ya alama huja majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Ramadhani, cha shule Ramadhan, na kitambulisho cha taifa kimemwongezea la babu. Wakili huwaapisha wote watatu kuwa ni mtu mmoja, kwa malipo.

Fedha ndiyo habari ndefu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi 2005, katika miongozo yake ya miaka ya karibuni humtaka mwombaji asizidi miaka 35, na awe amehitimu masomo ya awali ndani ya miaka mitano. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 na kuanza kuchora mwaka 1968 hivi, akitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari. Kwa kipimo hicho angekuwa amechelewa mwaka mmoja. Bahati yake hakuomba. Stashahada nazo zilianza kukopeshwa 2023/24, lakini kwa fani za kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na madini; uchoraji haukuitwa. Ufadhili wa masomo wa Rais Samia ni wa waliong'ara kidato cha sita katika sayansi, kwa hiyo baba wa watoto wanne Mbagala huusoma kama habari njema ya jirani.

Hubaki mashirika na balozi, ambako hudaiwa barua ya mwalimu wa zamani. Mwalimu amestaafu na kurudi kijijini, ila anamkumbuka mwanafunzi huyo vizuri sana: ndiye aliyemchora ubaoni akiwa na masikio ya punda.

Barua ya serikali ya mtaa hupatikana karibu zaidi, japo nayo ina usaili wake.

"Sasa Baba Zawadi, kuchora si unajua tayari?" huuliza mtendaji, muhuri ukiwa hewani. Fomu haina nafasi ya kulijibu swali hilo. Muhuri hushuka pamoja na ombi dogo: kibao cha ofisi kimefutika maandishi, akipata wasaa apitie. Ni kazi ya bure, na ndiyo pekee aliyoipata tangu aanze kutafuta ufadhili.

Nyaraka huishia steshenari, zikaskaniwe. Kijana wa kompyuta hujaza haraka bila kuinua macho, mpaka afike kwenye jina. "Mzee, mtoto anaitwa nani?" Akielezwa kuwa mtoto hayupo, huinua macho kwa mara ya kwanza, na foleni nzima nyuma huinua pamoja naye.

Anayeitwa kwenye usaili huambiwa aje na kazi zake. Kutoka Temeke hadi kituo cha Makumbusho, zinakopandiwa daladala za Bagamoyo, turubai la upana wa mita moja huzua mjadala. Konda hushikilia kwamba twiga amekaa siti, basi alipe. Abiria hugawanyika, wengine wakidai kuwa kwa jinsi alivyochorwa yule si twiga. Ubaya ni kwamba rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kukauka, nayo Ijumaa kanzu nyeupe ni nyingi. Gari likifunga breki, shingo ya twiga hubaki kwenye turubai na miguu huteremka Kinondoni mgongoni mwa mzee aendaye msikitini. Kanzu hulipwa papo hapo, kwa nauli ya kurudia, na katika bajeti ya maombi ya ufadhili gharama hiyo haina kisanduku.