Namna ya Kubadili Beringi za Giaboksi ya Datsun 240Z na Heshima Yako Ikabaki

Giaboksi ikianza kuvuma, dawa ya kwanza ni kuongeza sauti ya redio. Usiisikilize, maana ina umbea. Mvumo ukisikika gari likiwa frii, kisha ukakoma ukikanyaga klachi, mshukiwa ni beringi ya shafti inayotoka kwenye klachi. Ukipungua kwenye gia ya nne tu, tazama shafti ya chini, kwani gia hiyo hupeleka nguvu moja kwa moja bila kuipitia. Mtu akishayajua hayo hana tena sababu ya kufungua giaboksi nzima kwa kubahatisha, na raha yote imeisha.

Redio ikishindwa, nenda kwa muuza spea. Kabla hajataja bei, mkumbushe kwamba gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, likarudia mwaka 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Atakusikiliza kwa adabu, kisha atapandisha bei.

Namba iliyochongwa ubavuni mwa beringi usiisome kabisa. Kwa beringi kama 6305, chukua tarakimu mbili za mwisho, zidisha kwa tano, unapata milimita 25: kipenyo cha tundu linaloingia shafti. Maarifa haya ni ya hatari. Yanaweza kukupeleka kwenye duka linalouza beringi za pampu na mashine za kusaga, ukaikuta ileile, isipokuwa haina boksi lenye jina la gari. Herufi zinazofuata namba zichukulie kuwa mapambo. Wapo wakorofi watakaodai kwamba C3 ni nafasi ya ndani iliyozidi ya kawaida, na kwamba NR ni mfereji pamoja na pete inayozuia beringi isitembee ndani ya nyumba yake. Achana nao.

Sasa nyundo. Unapovalisha beringi kwenye shafti, gonga pete ya nje. Inayobana shafti ni pete ya ndani, kwa hiyo kila pigo litapita kwenye gololi, nazo zitaacha vidimbwi vidogo njiani mwake. Hivyo ndivyo mtu anavyopata beringi mpya yenye mvumo wa zamani. Wasio na haraka huipasha moto kwenye oili safi hadi nyuzi 100 hivi, ikatanuka na kuteleza yenyewe mahali pake. Hao ni watu wasiomiliki nyundo.

Mwisho, jaza oili ya GL-5 badala ya GL-4, kwa kuwa tano ni kubwa kuliko nne. Utelezi wake huzifanya sinkronaiza za shaba zishindwe kushika, na baadhi ya kemikali zake huila shaba yenyewe. Gia zikianza kukwaruza, lawama zote zipeleke kwa klachi. Uzuri ni kwamba klachi nayo haibadilishwi mpaka giaboksi ishushwe.