Sifa za Kisogo

Wako waliousifu upanga, na wako walioisifu subira. Mimi nataka kukisifu kisogo, kiungo duni kisichowahi kuvishwa nishani, ingawa kila mzee anayeota jua la asubuhi hapa Sumbawanga akisimulia vita vyake, ameufikia uzee kwa sababu siku moja, saa ilipowadia, alimwonyesha adui kisogo.

Wahenga walinena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, lakini hawakutufunulia kuwa kukimbia nako ni elimu. Vijana wa mijini wachezao vita vya risasi za rangi wanalijua hilo: atimkaye ovyo hupakwa rangi mgongoni kabla ya hatua ya tatu, bali mwenye adabu huondoka risasi zingalipo, mwenzake akimfyatulia adui asiinue kichwa, naye akifika penye kificho hulipa fadhila ile ile. Katika nyanda zetu za Ufipa, zenye nyasi tele na miti haba, mtihani huo ungewaaibisha wengi.

Mastadi wa fani hii kwetu walikuwa Wadachi wa ngome ya Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Juni 1916 Luteni Kanali Murray wa Waingereza aliwajia kwa nchi kavu, na ziwani akatokea Kamanda Spicer-Simson, mtu aliyekwisha kusafirisha mashua mbili za vita kutoka Cape Town kwa reli na maksai. Kamanda akaitazama ngome, akaona mizinga, akageuza vyombo vyake akaenda zake. Nao Wadachi, walipoona ziwa ni tupu, wakapakia majahazi usiku wakatokomea. Murray alipoingia alikuta mizinga ile ni ya mti! Basi siku zile walirudi nyuma wawili: mmoja kwa hekima, mwingine kwa kuogopa magogo, na huyo wa pili simhesabu, kwani alikifuja kisogo chake bure.

Lakini imamu wao ni Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyerudi nyuma miaka mingi hata akasalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, jirani zetu ng'ambo ya mpaka, tarehe 25 Novemba 1918, vita vikiwa vimekwisha Ulaya. Na mwaka uliofuata Berlin ikampokea kwa gwaride. Wapagazi waliomfuata hawakupigiwa tarumbeta. Visogo vyao vilikuwa vimeinama chini ya mizigo yake.