Shukrani kwa Wote, Kasoro Mmoja

Fungua kitabu cha kiada cha bure mtandaoni, uende ukurasa wa shukrani. Wamo wafadhili, wamo wahakiki, yumo mwenza aliyevumilia taa kuwaka usiku kucha. Aliyeandika sura tatu za mwanzo hayumo. Bahati nzuri akili mnemba haina kinyongo, wala haiji kudai posho.

Si kwamba mwandishi wetu ni mzito wa kukumbuka majina. Ukurasa wa pili kaweka leseni ya Creative Commons, ile ya CC BY: nakili, tafsiri, badili, hata uza ukitaka, ila umtaje yeye, na useme kama umebadili kitu. Akisahauliwa yeye, ni wizi wa mchana kweupe. Akisahau yeye, ilikuwa "uhariri mdogo wa lugha".

Huko Marekani, Ofisi ya Hakimiliki ilitoa mwongozo mwaka 2023: kilichotungwa na mashine pekee hakina hakimiliki, na anayesajili kazi aseme sehemu ipi imetoka kwenye mashine. Kwa hiyo bwana mkubwa anatugawia, tena kwa masharti, kitu ambacho pengine si chake. Ukarimu ulioje!

Na dawa yake ni sentensi moja tu, haimalizi hata wino: sura hizi zimeandikwa na mashine, mimi nikazikagua. Labda kinachomkwama kooni ni hayo maneno mawili ya mwisho.