Harusi Iliyofika Koboko Bila Sauti

Diski ya kwanza ya harusi ya dada yetu ilichezwa Koboko mbele ya sebule iliyojaa watu, na haikutoa sauti yoyote. Picha zilikuwa safi kabisa. Sheikhe alionekana, wazee walionekana mkekani, akina mama katika mavazi yao ya gurbaba walionekana wakipiga makofi ya doluka, ngoma yetu sisi Wanubi. Midomo inakwenda, mikono inapiga, kimya kitupu. Habuba, bibi yetu aliyemlea bibi harusi tangu utotoni na ambaye miguu ilimzuia kuja Arua siku ya nikaha, aligeuka akauliza, "Kwani wamekatazwa kusema?" Shangazi alipandisha sauti ya runinga mpaka mwisho, akachomoa nyaya akazichomeka upya, akaipiga deki kofi. Kisha akatupigia simu.

Aliyetengeneza diski ile ni kaka yetu mkubwa. Alirekodi kwa kamera ya kanda za MiniDV, akakaa na kompyuta usiku hadi usiku akikata na kuunga. Siku hizo West Nile, eneo letu hapa Uganda, ilikuwa bado haijaunganishwa na gridi ya taifa. Tulitegemea kituo kidogo cha mto Nyagak, megawati 3.5, pamoja na majenereta. Umeme ukikatika wakati diski inachomwa, diski hiyo haifai tena kwa lolote. Kwa hiyo kaka alikuwa akisubiri betri ijae ndipo aanze kuchoma, na shemeji yetu, mkewe, alikuwa akilinda chaja isiguswe na mtoto yeyote.

Programu ya kutengenezea DVD humuuliza mtu mambo mengi kuhusu picha, na mwishoni, akiwa amechoka, humuuliza kuhusu sauti. Hapo hutokea orodha: PCM, Dolby Digital ambayo pia huandikwa AC-3, MPEG, na wakati mwingine DTS. Rafiki wa kaka aliyeko Kampala, mwenye spika kubwa za sebuleni, alikuwa amemshauri achague DTS, sauti ya sinema. Kwa spika zile ushauri ulikuwa sahihi. Lakini katika kanuni za DVD, DTS ni nyongeza tu. Hakuna deki inayolazimika kuifahamu. Deki ya Habuba, iliyonunuliwa sokoni Koboko kwa matumizi ya nyumba, ilisoma picha na kuiacha sauti.

Kaka akachoma nyingine. Safari hii alichagua Dolby Digital, ambayo deki yoyote inaijua, ila akaiweka 5.1, kwa kuwa namba kubwa huonekana bora. Diski ikapelekwa kwa dereva wa taksi, ikashika lami ya Koboko, jioni simu ikalia. Sauti ipo, lakini ya mbali. Ngoma inasikika, maneno hayasikiki. Sheikhe alipomuuliza bwana harusi, jibu lake la "nimekubali" lilimezwa na jenereta la jirani. Nasaha za mjomba, ambazo Habuba alikuwa akizisubiri kuliko kitu chochote, ziligeuka mnong'ono.

Sababu zilikuwa mbili na zote zinafahamika. Kamera yetu ilinasa sauti kwa njia mbili tu, kushoto na kulia. Programu ilipoamriwa itoe 5.1 ilizitandaza njia hizo mbili zikawa sita. Kule Koboko deki ikakuta runinga yenye spika ndogo, ikazikunja tena zile sita ziwe mbili, na katika kukunja hupunguza nguvu ili sauti isipasuke. Juu ya hayo, Dolby Digital hubeba ndani yake kipimo cha ukubwa wa sauti ya mazungumzo. Programu nyingi hukiweka kwenye -27 bila kukuuliza, na deki ikikiona hushusha kila kitu kwa desibeli 4. Kikiwekwa -31 deki haishushi chochote. Desibeli 4 si nyingi katika chumba kitulivu. Katika sebule yenye watoto, wageni na jenereta dirishani, ndizo zilizotunyima nasaha.

Nyumbani kukachafuka. Dada alipiga simu kutoka kwa mumewe akiwa amenuna: harusi ni yake, na Habuba bado hajaisikia. Jamaa wengine huko Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Congo, nao walikuwa wakidai nakala yao. Kaka akaamua kumaliza maneno kwa PCM, yaani sauti isiyobanwa hata chembe. Sauti ikatoka kama tulivyoisikia siku yenyewe, na Koboko wakashangilia mpaka doluka ilipoanza. Hapo picha ikaanza kukwama, ikaruka, ikajaa vipande vya mraba.

Hili nalo lina hesabu yake, na naipenda kwa sababu haina upendeleo. DVD inaruhusiwa kupitisha megabiti 10.08 kwa sekunde, picha na sauti na vingine vyote pamoja. PCM ya stereo peke yake hula karibu megabiti 1.5. Kaka alikuwa ameiruhusu picha ipande hadi 9, na picha hupanda pale penye rangi nyingi na mwendo mwingi: gurbaba ishirini zikizunguka kwa pamoja ndio mzigo mzito kuliko yote. Jumla ikavuka mpaka, deki ikashindwa.

Ndipo Mama alipoingilia kati. Alikuwa amesikiliza mabishano yote bila kutia neno. Akasema, "Kuanzia leo diski haitoki humu kabla sijaisikia kwenye deki mbovu kuliko zote mtaani." Akaenda mwenyewe kwa jirani, akaazima deki kuukuu na runinga ndogo, akaviweka jikoni karibu na mlango wa uani, penye kelele. Ninaamini huo ndio uliokuwa uamuzi wa maana kuliko yote katika shughuli hii.

Kaka alichagua Dolby Digital ya stereo, njia mbili kama kamera ilivyorekodi, kilobiti 224 kwa sekunde, kipimo cha mazungumzo -31. Harusi ilikuwa ya saa mbili na diski ni ya gigabaiti 4.7, ukigawanya, unapata megabiti 5.2 kwa kila sekunde. PCM ingemwachia picha 3.7. Kwa sauti hii picha ilibaki na karibu 5, zikatosha. Nyimbo za utangulizi zilizotoka kwenye CD, ambazo huwa kilohezi 44.1, alizigeuza kwanza ziwe 48, kwa kuwa video ya DVD haipokei 44.1. Mama akasikiliza nasaha zote amesimama, mwiko mkononi, kisha akasema ipelekwe.

Habuba aliisikia. Aliirudisha sehemu ya mjomba mara nyingi, akawa anawatajia wajukuu kila uso unaopita: huyu ni mtoto wa nani, yule alitoka Yei mwaka gani. Shangazi akamrekodi kwa simu, na kaka akataka maelezo hayo yaingie kwenye diski. Katika vibanda vya video vya Uganda VJ, yaani mtafsiri wa filamu, huongea juu ya sauti ya filamu, na ya asili hufunikwa. DVD haidai hivyo. Inabeba hadi njia 8 za sauti, na mtu huchagua kwa rimoti. Kaka akaiweka sauti ya Habuba njia ya pili. Mjomba ameshafariki sasa, Mungu amrehemu, na Habuba pia. Sauti zao zote mbili zimo katika diski moja, moja haifuniki nyingine.

Ndugu msomaji mwenye kanda za harusi kabatini, mashine za kuzisomea zinaadimika, kwa hiyo usingoje. Kamera nyingi za MiniDV zina chaguo la sauti ya biti 12 na ya biti 16. Kama bado unarekodi nayo, weka 16. Ukifika kwenye orodha ya sauti usiharakishe: Dolby Digital, stereo, kilohezi 48, kilobiti 192 au 224. Azima deki ya jirani, sikiliza maneno ya wazee kabla ya kutazama picha, na kanda yenyewe usiifute.