Mwalimu, Mimi Sihusiki

Sanduku la bati lilifika shuleni kwetu likiwa na vitabu 41 na kufuli lisilo na ufunguo. Mwalimu Mkuu akalivunja kufuli kwa jiwe, akachungulia ndani, akasema, "Wewe wa Kiswahili, hili lako." Ndivyo nilivyopata maktaba. Darasa langu la Nne lilikuwa na wanafunzi 84. Ukigawa wawiliwawili kwa kila kitabu wanabaki wawili, na hao walisomea juu ya mabega ya wenzao.

Vilikuwa vile vitabu vyembamba vya hadithi. Baadhi vilitoka kwenye Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, vingine vilinizidi umri na vilishapoteza majalada kitambo. Nikaona hapa pana kazi. Watoto wangu walishapita kwenye KKK yao, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambayo tangu 2015 ndiyo inayokula muda mwingi wa Darasa la Kwanza na la Pili. Sasa wasome kitabu kizima na kukiandikia ripoti. Isitoshe, nilikuwa nimetoka semina, na mwalimu aliyetoka semina ni kama mtu aliyetoka kunyoa: anataka kila mtu amwone.

Nikaandika ubaoni: Jina la kitabu. Mwandishi. Wahusika. Muhtasari. Funzo.

Mambo matano tu. Nilidhani ni kazi ya kipindi kimoja cha dakika 40.

"Haya," nikasema, "kwenye hadithi mliyosoma jana, wahusika ni akina nani?"

Darasa likanyamaza. Kelele za Darasa la Nne hazizimwi hata na mvua juu ya bati, lakini siku hiyo ungesikia nzi akinawa mikono. Vichwa 84 viliinama. Mmoja akaanza kuchezea kifuniko cha kalamu. Nikarudia swali kwa sauti ya juu kidogo, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Binti wa dawati la mbele akaangua kilio.

"Mwalimu, mimi sihusiki!"

Nikakumbuka neno hilo wanalisikia wapi. Wanalisikia redioni jioni, ghala likiungua au fedha za kijiji zikiyeyuka: wahusika wasakwe, wahusika wachukuliwe hatua. Hakuna mtoto aliyewahi kusikia wahusika wanatafutwa ili wapewe soda. Ikabidi niwaapie kwamba wahusika wa hadithi hawakamatwi, na kwamba yule ambaye hadithi inamzungumzia zaidi ya wote anaitwa mhusika mkuu. Wakafurahi sana kusikia neno wanalolijua. Kesho yake, karibu nusu ya madaftari yaliandikwa: *Mhusika mkuu: Mwalimu Mkuu.*

Mwandishi naye alinitesa kwa namna yake. Mimi mwenyewe nilisema, kwa kinywa changu, kwamba mwandishi ni yule aliyeandika. Basi nikakusanya waandishi 84. "Mwandishi: mimi." "Mwandishi: mimi na kalamu ya kaka." Mmoja aliandika, "Mwandishi ni mimi mwenyewe, dada alinisaidia," nikamwongezea alama moja ya ukweli, maana kuna watu wazima wenye vitabu madukani ambao dada zao hawakutajwa popote.

Mvulana mmoja, mwenye mwandiko ambao hata mimi nauonea wivu, alipiga hatua zaidi. Alifungua ukurasa wa pili, ule ambao hakuna mtu anayeusoma, akanakili kila kilichokuwemo: mchapaji, sanduku la posta, mwaka wa kupigwa chapa, na lile onyo kwamba ni marufuku kunakili sehemu yoyote ya kitabu kwa njia yoyote bila idhini ya maandishi. Alilinakili onyo lote mpaka nukta. Nikakaa na kalamu nyekundu hewani, sijui nimwadhibu kwa kunakili au nimtuze kwa mwandiko. Nikampa 7 kwa 10, nami nikawa mshiriki wa kosa.

Funzo halikunichelewesha. Watatu walilisoma "funza", wakajibu kwamba kitabu hakina, na wao pia hawana, wanavaa viatu. Tukasonga mbele.

Muhtasari ndio ulionitoa jasho. Nikasema niwaonyeshe mfano. Nikawachukulia *Adili na Nduguze* ya Shaaban Robert, kitabu ninachokipenda tangu nikiwa mdogo, niwape kwa maneno machache: kuna mtu, kuna nduguze wawili waliogeuzwa manyani, na kila usiku lazima awachape kwa kiboko. Sasa Adili mtu huwezi kumweleza kwa maneno machache. Nikaingia kwenye hadithi, nikaogelea, nikashtuliwa na kengele ya mapumziko nikiwa bado naelezea husuda ya hao ndugu. Dakika 40 za muhtasari. "Maswali?" nikauliza. Mkono mmoja ukapanda. "Mwalimu, hao manyani mchana walikuwa wanakula nini?"

Nikafuta ubao, nikawaambia wakaandike muhtasari wa ile hadithi ya Fisi na Sungura, waulize nyumbani kama hawakuelewa neno. Wengi hawakuuliza. Aliyeuliza ni yule binti aliyelia. Baba yake ni mwenyekiti wa mtaa, na muhtasari katika nyumba ile una maana moja tu. Daftari lake ninalikumbuka karibu lote.

*MUHTASARI WA KIKAO CHA FISI NA SUNGURA KILICHOFANYIKA MTONI. Waliohudhuria: Fisi (Mwenyekiti), Sungura (Katibu), Kobe (Mjumbe). Asiyehudhuria kwa taarifa: Simba. Asiyehudhuria bila taarifa: Mbuzi, kwa sababu ameliwa ukurasa wa tatu. Akidi ilitimia. Yatokanayo: Mwenyekiti aliuliza nyama iko wapi. Mjumbe Kobe alisema hajui. Katibu aliomba suala hilo lipelekwe kikao kijacho. Mengineyo: Katibu alikimbia. Kufunga kikao: Kikao kilifungwa saa 10 jioni baada ya Mwenyekiti kutumbukia.*

Niliusoma ofisini kwa walimu. Mwalimu wa Hisabati alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Mwalimu wa taaluma hakucheka. Aliomba kuliazima daftari akaone vichwa vilivyopangwa, kwa kuwa mihtasari ya vikao vyetu wenyewe ilikuwa na madeni ya tangu muhula uliopita. Nilitafuta kosa katika kazi ile, sikuliona. Kila kilichotokea kwenye hadithi kilikuwemo, kwa mpangilio, na hata mbuzi alipewa heshima yake. Nikampa 10 kwa 10.

Nikadhani nimevuka. Kumbe kwenye dawati la mwisho palikuwa na mvulana ambaye tangu tuanze hakuwa amesema neno. Huyu alichukua Abunuwasi. Mtu huyo aliishi kweli, alikuwa mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, lakini wasimulizi wa pwani walishamgeuza kuwa mjanja wa vitongoji vyote vya Waswahili. Ripoti ya mvulana ilikuwa na neno moja: "Nimekielewa."

Nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Thibitisha."

Wiki iliyofuata akarudisha kitabu, na juu yake kijitabu cha kurasa nane, kimekatwa kutoka kwenye daftari na kushonwa kwa uzi mweusi, ndani kuna picha za punda. "Mwalimu," akasema, "kitabu kimezaa."

Nilifurahi mno. Nilimsimamisha mbele ya darasa, tukampigia makofi ya kilo, nikakiingiza kijitabu kwenye leja ya vitabu: jumla 42, na kwenye safu ya maelezo nikaandika, kwa mbwembwe, "Kimezaliwa", nikatia sahihi. Mvulana akaomba aende tena na kile kikubwa. Nani angemnyima?

Baada ya wiki tatu alikuja mezani kwangu na uso wa msibani. "Mwalimu, pole. Kile kitabu kimefariki."

Kila anayekijua kisa cha sufuria anajua nilikuwa nimeshanaswa. Abunuwasi aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na nyingine ndogo, akasema imezaa, na jirani akapokea kwa shukrani. Alipoiazima tena akasema imekufa, naye aliyekubali kuzaa hakuwa na pa kukatalia kufa. Nilifungua kinywa nikakifunga. Sahihi yangu ilikuwa kwenye leja. Jioni, nikielekea nyumbani, milima ya Uluguru imeshavaa ukungu, nilinunua karanga za mia mbili hapo nje ya geti. Nilipofungua kikaratasi nikakutana na kipande cha Baghdad, na Abunuwasi mwenyewe katikati ya sentensi.

Nikaandika kwenye leja: "Kimefariki." Jumla ikarudi 41.

Mwisho wa mwaka Mwalimu Mkuu akakagua sanduku. Akahesabu 41, akaridhika, akataka kufunga. Kisha akakiona cha uzi mweusi. Akakipindua, akatazama punda, akavaa miwani, akaivuta leja na kupitisha kidole kwenye safu ya maelezo, polepole, mstari hadi mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Wahusika wa jambo hili," akauliza, "ni akina nani?"

Nikainamisha kichwa, nikaanza kuchezea kifuniko cha kalamu.